Kwa nini kompyuta huonyesha kosa mahali pasipo na kosa?

Masoro, wilayani Gasabo, pembezoni mwa jiji la Kigali, hufahamika zaidi kwa viwanda vya ukanda maalumu wa kiuchumi. Hata hivyo, ni huko pia ambako Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kina kampasi. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichoingia Rwanda mwaka 2011, nacho kinafundisha teknolojia ya habari katika eneo hilo.

Anayeanza kuandika programu, huko na kwingineko, hukutana mapema na kitanzi, yaani amri inayoiagiza kompyuta irudie kazi. Wengi hukwama hapo, na kinachowakwamisha mara nyingi si hesabu bali ujumbe wa kosa.

Katika lugha ya C, kitanzi cha kurudia mara 10 huandikwa hivi: for (i = 0; i < 10; i++). Sehemu zake tatu hutenganishwa na nukta mkato. Mwanafunzi akiweka mkato wa kawaida badala yake, kompaila ya GCC huipita mikato yote miwili kimya, kisha hulalamika kwenye mabano ya kufunga kwamba ilitarajia nukta mkato. Naye huiongeza papo hapo, na programu bado inakataa. Sababu ni kwamba katika C mkato ni alama halali ya kuunganisha semi, hivyo kompaila ilisoma usemi mmoja mrefu. Haikudanganya: ilitaja mahali iliposhindwa kuendelea, si mahali mwandishi alipokosea.

Akitangaza kigeu ndani ya mabano, int i = 0, hali huwa ngumu zaidi. Mkato sasa huonekana kutenganisha vigeu viwili, na kompaila humtajia orodha ya ilivyovitarajia, vikiwamo asm na __attribute__, maneno ambayo huenda hajawahi kuyasikia.

Baya kuliko yote ni lile lisilo na ujumbe wa kosa. Nukta mkato ikiwekwa mara baada ya mabano, sintaksia ni sahihi. Kitanzi huzunguka kitupu, na kazi iliyokusudiwa hufanyika mara moja tu.

Ujumbe wenyewe kwa kawaida huja kwa Kiingereza, lugha ambayo Rwanda iliamua mwaka 2008 iwe ya kufundishia. Lakini kukijua Kiingereza hakutoshi. Java hutangaza mwanzo "haramu" wa usemi, kana kwamba kuna polisi wa kuitwa.

Baadhi ya lugha zimejirekebisha. Python ilibadili kichanganuzi chake katika toleo la 3.9 la mwaka 2020. Kabla ya toleo la 3.10, la Oktoba 2021, aliyesahau nukta pacha mwishoni mwa mstari wa kitanzi aliambiwa tu kwamba sintaksia ni batili. Sasa huambiwa kwamba nukta pacha ilitarajiwa.

Kwa anayetumia C au Java, ujumbe wa kwanza ndio wa kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa inayofuata mara nyingi ni matokeo yake, na utafutaji huanzia kabla ya alama iliyoonyeshwa.