Kaniki, kanga na kasha la bibi

Wengi huandika mafunzo ya wazee kama orodha: heshimu wakubwa, weka akiba, vumilia kwenye ndoa. Ni kweli yote. Lakini sisi tunaokaa na cherehani tunaona kwamba bibi zetu hawakutufundisha kwa maneno, wametufundisha kwa nguo. Na nguo za visiwa hivi zina historia ambayo majumbani mwetu haizungumzwi. Leo tuizungumze.

Tuanze na ile nguo nyeupe, nzito kidogo, isiyo na ua, ambayo mpaka leo ukenda dukani unaitaka kwa jina la marekani. Jina lenyewe limetoka huko huko. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli za bandari ya Salem, kule Massachusetts, zikawa zinaleta pamba hiyo Unguja na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Nguo hiyo iliuzwa mpaka bara ndani kabisa. Vilipozuka vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 mpaka 1865, pamba ikakatika na nguo za Bombay zikashika nafasi yake. Jina likabaki.

Nguo ya namna hiyo ikitiwa rangi ya nili, buluu inayokaribia weusi, ndiyo kaniki. Na kaniki na marekani ndizo nguo walizovaa watumwa wanawake: kipande kimoja, kimefungwa chini ya kwapa, mabega wazi na kichwa wazi. Kujifunika kichwa ilikuwa ni jambo la waungwana. Mtu alikuwa akijulikana yeye ni nani kabla hajafungua mdomo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, na hata hapo masuria hawakuhesabiwa mpaka 1909. Hesabuni wenyewe. Bibi wa bibi zetu walikuwa hai. Hii si habari ya zamani za Firauni.

Sasa mwanamke aliyeachiwa huru alifanya nini na senti zake za mwanzo, za kuchuma karafuu, kuuza vyungu au kufua nguo za watu? Alinunua kanga. Kanga ilikuwa ndiyo kwanza inashamiri miaka ile, ikipigwa chapa Ulaya na India kwa soko la pwani yetu, ina pindo, ina mji, ina rangi. Baadaye yakaja maneno, mwanzo kwa herufi za Kiarabu. Akanunua na ukaya wa kufunikia kichwa, na miaka ya mwanzo ya karne ya 20 akavaa buibui kama wengine. Wapo wanaosema kanga ni pambo tu la wanawake. Sisi tunasema kwa mwanamke yule ilikuwa ni hati yake ya uhuru, na aliivaa ili barabara nzima iisome.

Siti binti Saad anatoka kwenye kizazi hicho. Kazaliwa Fumba, wazazi wake wametoka utumwani, na mikono yake ilianzia kwenye udongo, akifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kuviuza. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake. Wengine tunamjua kwa sauti. Fundi akitazama picha yake hutazama kwanza alivyojisitiri.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa hataki kaniki iingie nyumbani kwake. Hata akiletewa ya dawa, kama walivyokuwa wakitumia wazee, aliitoa nje. Tulidhani ni kuchagua tu kwa watu wazima. Kumbe yeye mwenyewe kalelewa na bibi yake aliyewahi kuivaa kwa lazima. Hayo tuliyapata kwa khaloo wetu, baada ya bibi kufariki, tena kwa sauti ya chini na mlango umefungwa.

Lakini tazameni alichotufundisha bila ya kutwambia. Doti mpya ya kanga huja vipande viwili vimeshikana. Kwake hukuvai mpaka ukate sawa na upinde ncha zote mbili, kwa mkono, mshono mdogo mdogo. Mtoto wa kike aliyetoka nje na kanga haijapindwa alirudishwa mlangoni. "Wewe huna mwenyewe?" Neno hilo lilikuwa likituchoma, nasi hatukujua lilikotoka. Mtu mwenye mwenyewe, zamani, alikuwa ni mtumwa. Yeye kaligeuza likawa na maana ya mtu mwenye watu wake, anayeangaliwa.

Na alikuwa na kasha. Ndani yake doti hazijakatwa, zimepangwa na asumini kavu na vipande vya udi. Mali ya mke ni yake mwenyewe, dini imeshasema, na kasha lilikuwa ndiyo benki ya mwanamke asiye na skuli. Mama alitusimulia miaka ya 70, wakati wa foleni za mchele na sukari hapa Unguja, nguo hazionekani madukani. Hapo ndipo kasha lilipofunguliwa. Doti moja ikageuka unga, nyengine ikafungiwa mtoto mchanga, nyengine ikatolewa kwa jirani aliyefiwa na hana cha kujifunika. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 80, bibi alianza kulijaza tena, moja moja. Sisi mtaji wa cherehani yetu ya kwanza umetoka humo, doti tisa zilizouzwa kwa siku mbili.

Lililobaki ni hili la kunyamaza. Wazee walinyamaza kwa stara, na baada ya 1964 mambo ya asili yalizidi kuwa mazito, hatuwalaumu. Ila kunyamaza kumeacha mlango wazi kwa wengine. Katika ukoo wetu yupo binti, msomi, mwenye kusali, posa yake ilirudi kwa neno moja tu lililosemwa na upande wa pili: "asili". Haikutajwa tabia, haikutajwa dini. Na waliorudisha ni watu wanaomsifu Bilal kila Maulidi!

Binti yule alikuja kwetu akilia, akauliza asili hiyo ni nini hasa. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa, kwa sababu waliokuwa nalo wameshazikwa. Ndipo khaloo alipofunga mlango na kuanza kusema.

Khaloo sasa anakaribia miaka 80. Tumeanza kukaa naye kila Ijumaa baada ya Alasiri, simu ikirekodi, na tunaanza na kanga, kwa sababu ukimuuliza habari za watu hunyamaza, ukimuuliza doti hii aliinunua nani na wapi, hasimami mpaka Magharibi. Wenye bibi walio hai, anzieni hapo hapo kwenye kasha.