Meno bandia ya kuvaa na kuvua: sura ya uso huamuliwa katika hatua ya nta

Mtu anapong'olewa meno yote, pengo si jambo pekee linalobadili sura yake. Mfupa wa taya uliokuwa umeshikilia mizizi huanza kunywea, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza. Mdomo wa juu, uliokuwa umeegemea meno na mfupa huo, huingia ndani na kuwa mwembamba. Pembe za kinywa hushuka, na kidevu hukaribia pua. Ndiyo maana hata mtu wa makamo aliyepoteza meno huonekana mzee kuliko umri wake.

Meno bandia hurejesha egemeo hilo yakipangwa mbele kidogo ya ufizi uliobaki, pale yalipokuwa meno ya asili. Ukingo wa plastiki yenye rangi ya fizi hujaza nafasi iliyoachwa na mfupa.

Kabla ya plastiki kutengenezwa, meno hupangwa kwanza juu ya nta na kujaribiwa kinywani. Hatua hii hupuuzwa na wengi, ilhali ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa kuwa nta hurekebishwa kwa urahisi na plastiki haina urahisi huo. Mgonjwa anashauriwa kufika na picha yake ya zamani inayoonesha meno, kujitazama kwenye kioo kwa mbele na kwa upande, kuzungumza na kutabasamu, kisha kueleza bila haya asichoridhika nacho. Ukingo ukiwa mnene mno, mdomo huonekana kama umevimba. Ukiwa mwembamba, hubaki umebonyea. Meno yakiwa marefu kupita kiasi, midomo haifungiki bila kujikaza na meno hugongana wakati wa kuzungumza.

Meno hayo hayaondoi makunyanzi yote, kwa sababu mengine hutokana na ngozi yenyewe. Aidha, mfupa huendelea kunywea, hivyo meno yanayolegea yarejeshwe kwa daktari ili yawekewe tabaka jipya kwa ndani. Kuyabana kwa gundi ya nyumbani huweza kuyaharibu na kuumiza fizi.

Kwa Tanzania Bara, madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwananchi ana haki ya kuulizia usajili huo kabla ya kuchukuliwa vipimo, hasa anapohudumiwa nje ya hospitali.