Kutunga

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mafundi wa Kifinisia walizungushia kioo cha moto kijiti cha chuma kilichopakwa udongo, wakatoa kichwa kidogo cha kondoo dume: pembe zimejikunja, macho yametumbuka, na juu kijipete cha kupitishia uzi. Vichwa hivyo vya kuvaa shingoni vimefukuliwa Carthage na kwingineko Mediterania.

Kwa kazi ya uzi ule Kiswahili kina kitenzi kimoja kizuri mno: kutunga.

Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kitenzi hicho hakijaachwa kabatini. Samaki waliopitishwa kamba mashavuni ni mtungo wa samaki. Shanga nazo hutungwa. Na ni vyema kukumbuka kuwa umoja wake ni ushanga, punje moja tu. Katika karne ya 19 misafara ya Kilwa ilifikisha shanga za kioo hadi ziwani, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Zile nyekundu, mvumbuzi Mwingereza Richard Burton aliandika mwaka 1860, ziliitwa samesame. Misafara hiyo hiyo ilirudi pwani na pembe za ndovu na watu waliotekwa, na neno ushanga halipaswi kuisahau safari hiyo.

Shairi pia hutungwa, neno baada ya neno katika uzi mmoja; ndiyo maana mwandishi ni mtunzi. Mimba hutungwa.

Kisha kuna kinyume chake, tungua: kushusha kilichoning'inia. Kwa hiyo samaki hutungwa, na embe lililo juu mtini hutunguliwa.