Kabla Hujakata Ekzosi ya Turbo: Historia Fupi ya Bomba la Moshi

Jumamosi moja rafiki yangu alinipigia simu kutoka gereji fulani hapa Nairobi. Subaru Impreza WRX yake ilikuwa imeinuliwa, na fundi alikuwa ameshika msumeno wa chuma tayari kukata. Swali lake lilikuwa moja tu: aweke bomba la inchi mbili na nusu au la inchi tatu? Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si kutengeneza magari, lakini nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu mambo haya na nikajiona mtaalamu. Nikamwambia tatu. Fundi akaunga mkono, akasema, "Mkubwa, ukitoa hii yote gari itaruka."

Gari kweli iliruka. Iliruka kwa miezi miwili hivi. Halafu siku moja wakipanda kutoka Naivasha injini ikaanza kutoa moshi wa buluu, na ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imevunjika kwenye mifereji ya ringi. Akiba yake ya miezi mingi iliishia hapo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ndiyo maana nikaketi kuisoma historia ya kitu hiki vizuri, na leo nataka kukusimulia niliyoyapata, msomaji, kabla nawe hujapiga simu kama ile.

Tuanze mwanzo kabisa. Silensa ni ya zamani kuliko turbo. Ndugu wawili Wamarekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza kelele za moshi wa injini mwaka 1897. Turbo nayo ilikuja mwaka 1905, wakati mhandisi Mswisi Alfred Büchi alipopata hataza yake. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hutoka nje na moshi bila kufanya kazi yoyote. Büchi alitaka moshi huo uzungushe gurudumu, gurudumu lizungushe feni, na feni isukume hewa zaidi ndani ya injini. Ilimchukua miaka 20 hivi kufanikiwa: mwaka 1925 injini za dizeli za meli zilipata nyongeza ya nguvu ya asilimia 40 hivi kwa njia yake.

Sehemu ya pili ya hadithi inatuhusu sisi tunaoishi nyanda za juu. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, kwenye mita 4,302 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyokuwa na nguvu farasi 350 kule chini ilibaki na 230 hivi mlimani, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Ilipofungiwa turbo ikatoa 356 pale pale mlimani. Kwa hivyo katika kazi zake za mwanzo turbo ilikuwa dawa ya mwinuko. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa asilimia 18 hivi. Gari isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Yenye turbo hujaribu kufidia, lakini haifidii bure, nitarudi hapo.

Sasa twende mwaka 1962. Huo ndio mwaka General Motors ilipouza magari ya kwanza ya abiria yenye turbo: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Jetfire ilihitaji mchanganyiko wa maji na methanoli ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake. Wenye magari wengi walisahau kuujaza, na gari lile halikufika mbali; mwaka 1963 ndio uliokuwa wa mwisho. Lakini ni Corvair iliyonifanya niweke kikombe cha chai mezani. Gari hilo halikuwa na westigeti, yule mlango mdogo unaopitisha moshi kando ili turbo isizunguke kupita kiasi. Wahandisi wake walidhibiti shinikizo kwa kubana njia ya hewa kwenye kabureta na njia ya moshi kwenye silensa. Hebu fikiria hapo. Silensa ilikuwa breki ya turbo! Ukiitupa uweke bomba wazi ili upate mlio mtamu, umeondoa breki bila kujua.

Kila mwandishi wa programu amewahi kukutana na jambo hili. Unakuta mstari mmoja wa msimbo wa zamani unaoonekana hauna kazi. Aliyeuandika ameshaacha kampuni, wala hakuacha maelezo. Unaufuta, kila kitu kinakwenda shwari, kisha mwisho wa mwezi mishahara haitoki. Bomba la moshi la turbo ni msimbo wa namna hiyo. Kila kipande kiliwekwa na mtu kwa sababu fulani.

Kataliti ni mfano mwingine. Magari ya Marekani yalianza kufungwa chombo hicho kwa wingi kuanzia matoleo ya mwaka 1975, ili kupunguza sumu ya moshi. Sharti lake ni petroli isiyo na risasi, maana risasi hufunika madini yaliyo kwenye masega yake na kuyaua. Huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa hadi ilipokomeshwa mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo gari lililotoka Japani mwaka 1999 likiwa na kataliti nzima, likanyweshwa petroli ya hapa, kataliti yake ilikufa. Kuivunja na kutupa masega yake kulikuwa na mantiki wakati huo. Sababu ile imeshaondoka, ila mazoea yamebaki. Leo mafundi bado hutoboa kataliti nzima zisizo na kosa, nasi tunavuta moshi huo kwenye foleni ya Thika Road.

Na mlio wa Subaru je, ule unaowafanya vijana wetu wageuze shingo? Impreza WRX ilitoka Japani mwaka 1992. Jina hilo likaingia mioyoni mwa Wakenya kupitia Safari Rally: Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Impreza, Colin McRae akashinda mwaka 1997, na Richard Burns akashinda mwaka 2000. Wengi hudhani mlio ule hutoka kwenye silensa. Hapana. Injini ya Subaru ina silinda mbili kulia na mbili kushoto, na turbo imekaa upande mmoja. Mabomba yanayotoka upande wa pili huvuka chini ya injini, kwa hivyo ni marefu zaidi, na mapigo ya moshi hufika kwa vipindi visivyo sawa. Legacy GT ya Japani ya mwaka 2003 ilipowekewa mabomba yenye urefu sawa na turbo yenye njia mbili, turbo ikaanza kuitikia mapema zaidi, lakini mngurumo ule ukapotea. Mwenye gari la namna hiyo anayenunua silensa kubwa akitafuta sauti ya McRae atapata kelele tu.

Turudi kwa rafiki yangu, tuone kilichoharibika. Kwenye injini isiyo na turbo, ukubwa wa bomba ni suala la kupima kwa makini. Kwenye turbo, kanuni ya baada ya gurudumu ni fupi: shinikizo likiwa dogo huko nyuma, turbo huzunguka kwa urahisi zaidi. Bomba la inchi tatu linaafiki kanuni hiyo, na hapo sikukosea. Nilikosea kwa kutouliza nini kitalidhibiti. Westigeti ya kiwandani imepimwa kwa bomba la kiwandani. Moshi unapopita kwa kasi, mlango ule mdogo huzidiwa, na shinikizo hupanda lenyewe kupita lile lililowekwa. Ongeza mwinuko wetu: turbo inayozidisha hewa mara 2 ikiwa Mombasa inalazimika kuizidisha karibu mara 2.4 ikiwa Nairobi ili injini ipate hewa ile ile. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Ongeza tena petroli: kwao Japani ile ya daraja la juu ni ya okteni 100 hivi, na ya kawaida ya hapa kwetu haifiki huko. Hewa nyingi, joto, okteni ndogo, na tarakilishi ya injini ambayo hakuna aliyeiambia kwamba bomba limebadilishwa. Pistoni haikuwa na bahati mbaya. Ilikuwa ni hesabu tu.

Hilo la tarakilishi ndilo linalonisikitisha zaidi, maana hapo ndipo ningeweza kusaidia. Tangu miaka ya 2000 kumekuwa na programu huria iitwayo RomRaider, ambayo mwanzoni iliitwa Enginuity, imeandikwa kwa Java, na inakuruhusu kusoma yanayotokea ndani ya ECU ya Subaru gari likitembea na kurekebisha majedwali yake. Kwa kebo na kipakatalishi tungeona shinikizo likipanda siku ile ile ya kwanza. Mimi niliyezoea kusoma kumbukumbu za seva kila asubuhi sikuwaza kusoma za gari.

Kwa hivyo ukiniuliza leo nitakujibu hivi. Ukitaka sauti na nguvu kidogo tu, badilisha sehemu ya nyuma peke yake, kuanzia baada ya kataliti hadi silensa; kwa kawaida injini ya kiwandani huvumilia hilo. Bomba linaloshikana na turbo usiliguse kabla hujapanga fedha za kurekebisha ECU hapa hapa, kwenye mwinuko huu, kwa petroli utakayonunua kila siku. Weka kataliti yenye matundu mapana badala ya bomba tupu. Chuma cha pua kitakaa miaka. Chuma cha kawaida ni nafuu lakini mvua na matope yetu hukila upesi. Hakikisha kihisi cha oksijeni kimerudishwa mahali pake. Na kumbuka kwamba kanuni za kelele za mwaka 2009 zinayagusa magari pia, wala jirani mwenye mtoto mchanga hahitaji kanuni ili akuchukie.

Rafiki yangu aliijenga injini upya. Aliporudi kuchagua bomba alinipigia tena, nami sikumjibu kwa inchi. Nilimuuliza kwanza shinikizo linasoma ngapi, kisha nikachukua kebo nikaenda.