Nyongeza, si Zawadi: Istilahi ya Kadi za Mkopo za Safari

Katika masoko ya Masisi, mashariki mwa Kongo, maharagwe hupimwa kwa mkebe wa Guigoz. Mama muuzaji hujaza mkebe hadi kilele kisimame, mnunuzi hulipa, kisha haondoki. «Mama, niongezee basi.» Mama huchota konzi moja na kuimwaga mfukoni mwa mteja. Konzi hiyo ni nyongeza, na hakuna hata mmoja kati ya wawili hao anayeiita zawadi. Imo ndani ya bei tangu asubuhi mama alipopanga bei, na asiyeomba nyongeza ameilipia vilevile.

Neno hilo ndilo ninalolipendekeza kwa kile ambacho benki za Marekani humpa mwenye kadi kwa kila dola anayotumia: pointi, maili, tiketi ya ndege, usiku wa hoteli, mlango wa ukumbi wa mapumziko pale uwanja wa ndege. Magazeti na matangazo ya Kiswahili huandika «zawadi» au «tuzo». Yote mawili yanapotosha, na upotoshaji huo una gharama kwa watu ninaowajua.

Watu hao ni wa kwetu. Kambi ya Kiziba ilianzishwa Rwanda mwaka 1996 na ya Gihembe mwaka 1997, na zote mbili zilipokea watu wengi waliokimbia Masisi, Walikale na Rutshuru. Wengi waliokulia humo wamehamishiwa Marekani, na leo wanaishi Louisville, Dayton, Abilene na miji mingine yenye viwanda vya nyama na maghala. Gihembe yenyewe ilifungwa mwaka 2021. Mtu aliyekaa Marekani miaka kadhaa, akalipa kodi ya nyumba na deni la gari bila kuchelewa, huanza kupokea bahasha nzuri zenye kadi nzito ya chuma ndani ya picha, na ahadi ya pointi laki moja. Anajiuliza kama aichukue. Aliyekwisha kuichukua anajiuliza kama aendelee nayo, maana mwaka 2025 ada zake zilipanda ghafla.

Tuanze na «kadi ya mkopo», kwa sababu huku kwetu jina hilo limechanganywa na kitu kingine. Kule Goma, «karte ya banki» ni kadi ya kutolea feza zako mwenyewe kwenye mashine. Umeweka mia mbili, unatoa mia mbili. Equity BCDC, Rawbank na TMB zimetoa kadi za aina hiyo kwa miaka mingi. Masisi na Walikale hata hiyo ni nadra: serikali ilipoanza mwaka 2011 kulipa wafanyakazi wake kupitia benki, walimu wa vijijini walikuta benki haziko, ikabidi Caritas ipewe kazi ya kuwafikishia mishahara. Kadi ya mkopo ni jambo jingine kabisa. Feza si zako. Benki inamlipa muuzaji leo, wewe unailipa benki baada ya wiki kadhaa. Ukilipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, hutozwi riba. Ukibakiza, riba inaanza, na kwa kadi za Marekani wastani wake mwaka 2025 ulizidi asilimia 20 kwa mwaka. Kiswahili kimefanya vizuri kuliweka neno «mkopo» mbele ya macho ya kila anayelitamka. Lisifupishwe kuwa «kadi» tu.

Kitu chenyewe si cha zamani. Diners Club ilianza New York mwaka 1950 kwa ajili ya wafanyabiashara waliokula migahawani. American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili mwaka 1981, na mwaka 1987 ikaungana na Citibank kutoa kadi inayozaa maili kwa kununua mkate au petroli. American Express ilitoa Platinum yake mwaka 1984 kwa ada ya dola 250 kwa mwaka. Chase ikaja na Sapphire Reserve mwaka 2016 kwa ada ya dola 450 na pointi 100,000 za kukaribishia, ambazo kwa kununua safari kupitia benki hiyo zilikuwa na thamani ya dola 1,500. Wakati huo, kwa mtu anayesafiri, hesabu ilikuwa rahisi. Juni 2025 Chase ilipandisha ada hadi dola 795. Septemba mwaka huohuo Platinum ikafika dola 895.

Sasa swali la msingi ambalo jina «zawadi» linalificha: nani anayelipa?

Ukinunua kitu cha dola 100 kwa kadi ya mkopo Marekani, muuzaji hapokei mia. Hukatwa dola mbili hivi, pengine tatu kwa kadi za daraja la juu. Sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Naliita fungu hilo «ada baina ya benki», kwa kuwa hutoka benki ya muuzaji kwenda benki ya mnunuzi. Humo ndimo pointi zinamotoka. Muuzaji naye si mjinga, hupandisha bei kwa wote: kwa mwenye Platinum na kwa yule anayelipa noti alizopewa na mwajiri Ijumaa. Mwaka 2010 wachumi watatu wa Benki ya Akiba ya Shirikisho ya Boston, Scott Schuh, Oz Shy na Joanna Stavins, walikadiria kwamba kila kaya inayolipa kwa taslimu huwapa wenye kadi dola 149 kwa mwaka bila kujua, na kila kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Mgeni aliyefika jana kutoka kambini, asiye na historia ya mkopo, ndiye anayelipia ukumbi wa mapumziko wa mwingine.

Ushahidi mwingine uko Ulaya. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia Desemba 2015 ada hiyo isizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida za benki. Ndugu zetu wa Brussels na Liège hawajui habari za pointi laki moja. Chanzo kilibanwa, na neema ikakauka. Kama ingekuwa zawadi ya benki, benki za Ubelgiji zisingeshindwa kuitoa.

Kwa hiyo «zawadi» haifai, maana zawadi hutoka katika mali ya mtoaji. «Tuzo» hutolewa kwa ushindi, na hapa hakuna aliyeshinda. «Thawabu» tuiache kwa Mungu. Kuna wanaopendelea «marejesho», na kwa maana ya feza zinazomrudia mnunuzi neno linaelekea penyewe, lakini kwa watu wa vikundi vya akiba Afrika Mashariki nzima marejesho ni yale unayolipa kila wiki kwa mkopo uliochukua. Ukimwambia mama wa kikundi kwamba kadi ina marejesho makubwa, ataikimbia, na si kwa sababu uliyokusudia. Kwetu Kongo lipo pia «matabishi», ila hilo limekaa sana upande wa kumpa mtu hongo ndogo. «Nyongeza» inabeba yote: huja baada ya malipo, imo ndani ya bei, na hupewa anayejua kuomba. Kadi hizo basi ni kadi za mkopo zenye nyongeza za safari. «Pointi» libaki lilivyo, kwa kuwa Wakenya wamelizoea tangu Safaricom ilipoanza Bonga Points mwaka 2007. «Maili» litumike tu pale pointi zinapokuwa za shirika la ndege lenyewe.

Jina likinyooka, hesabu nayo inanyooka. Kwa manunuzi ya kila siku, kama kodi ya nyumba, petroli na unga, Sapphire Reserve hutoa pointi moja kwa dola, na pointi hiyo ukiitumia kwa njia ya kawaida ni senti moja. Kurudisha ada ya dola 795 kwa njia hiyo unahitaji kutumia dola 79,500. Ni kweli kadi hiyo hukurudishia dola 300 za gharama za safari kila mwaka, na hizo ni rahisi kuzitumia, tiketi moja tu inazimaliza. Zinabaki dola 495, yaani manunuzi ya dola 49,500. Benki itakuambia kwamba kuna vipunguzo vingine, na vipo. Platinum ina dola 400 za migahawa iliyo kwenye orodha ya Resy na dola 300 za nguo za lululemon, zikigawanywa kwa robo mwaka ili ukisahau robo moja zipotee. Ina dola 200 za Uber. Lakini kipunguzo cha kitu ambacho usingekinunua si akiba. Na Uber haifiki Goma. Huko tunapanda moto, yaani pikipiki, na mwenye moto anataka noti.

Tuitazame safari yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotangazwa. Pointi unaweza kuzihamishia kwa mashirika kama United au Air Canada, na kwa kuwa hayo yako muungano mmoja na Ethiopian na Brussels Airlines, ukapata kiti hadi Entebbe au Kigali. Unaweza pia kuzipeleka kwenye mpango wa maili wa Flying Blue na kupanda KLM. RwandAir haimo katika muungano wowote kati ya mitatu mikubwa, hivyo njia ya kwake kwa pointi ni finyu. Kwa mtu anayesafiri peke yake, mwenye tarehe zinazonyumbulika, nyongeza hii ni ya kweli, na inaweza kumwokolea zaidi ya dola elfu moja. Kwa familia ya watu sita inayotaka kwenda pamoja Desemba, viti vya pointi vya ndege moja ni taabu kuvipata.

Halafu Kigali si nyumbani. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, na hadi mwaka ule unaisha hakuna ndege ya abiria ya kibiashara iliyotua tena. Masisi-Centre ilikuwa imeshatekwa mapema mwezi huohuo, Rubaya tangu 2024. Kutoka Kigali ni gari hadi Gisenyi, miguu kwenye mpaka, kisha barabara ya Sake, mahali ambapo kila kituo kina gharama yake. Walikale ni mbali zaidi. Miaka ambayo madini ya Bisie yalibebwa mgongoni msituni hadi Njingala, ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami Kilambo, zikapakia kasiteriti na kuleta bia, mchele na sabuni. Mtu aliyepata nafasi kati ya magunia alilipa mkononi. Machi 2025 vita vilifika Walikale-Centre kwenyewe, na mgodi mkubwa wa Alphamin ukasimama kwa wiki kadhaa. Sehemu ngumu na ghali ya safari yetu haijawahi kununulika kwa pointi.

Kuna jambo jingine zito kuliko tiketi, nalo ni feza zinazotumwa nyumbani. Goma ilipotekwa, benki zilifunga milango. Benki ya akiba ya CADECO ndiyo iliyofunguliwa mwezi wa Aprili na watawala wapya, na huduma ikawa finyu. Watu waliishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, huku taslimu ikiadimika na mawakala wakipandisha kamisheni ya kutoa. Walio Marekani walitakiwa kutuma mara kwa mara, na wengine wakafikiri: nitumie kwa kadi ya mkopo, nipate na pointi. Hapana. Benki nyingi huhesabu kutuma feza kwa kadi ya mkopo kama kuchukua mkopo wa taslimu. Kwa kawaida hutoza dola 10 au asilimia 5, ile iliyo kubwa, riba huanza siku ileile bila siku za kungoja, na pointi hupati hata moja. Tangu Januari 1, 2026 Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa feza zinazotumwa nje zikilipiwa kwa taslimu, na zinazolipiwa kwa kadi zimesamehewa. Hapo kishawishi kinaongezeka. Lakini kwa dola 200 kodi ni dola 2, na mkopo wa taslimu ni dola 10 kabla riba haijaanza. Kadi ya kawaida ya benki, ile ya feza zako mwenyewe, imesamehewa kodi hiyohiyo na haina mkopo ndani yake.

Na yule anayebakiza deni? Dola 2,000 zikikaa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22 zinazaa dola 440. Pointi zilizotokana na dola hizo 2,000 ni dola 20.

Basi hukumu yangu ni hii. Anayelipa bili yote kila mwezi, anayesafiri kwa kazi mara nyingi, na ambaye angelala katika hoteli zile hata bila kadi, aendelee nayo. Nyongeza yake inazidi ada. Hao katika jamii yetu ni wachache. Wengine wote, na hasa wanaobeba familia mbili, moja Louisville na moja Masisi au Walikale, waiachie. Usiifunge kwa hasira. Kwanza lipa deni lililobaki na tumia au hamisha pointi zako. Kisha, kabla ya tarehe ya ada, piga simu namba iliyo nyuma ya kadi, omba ubadilishiwe kadi isiyo na ada ya mwaka ya benki hiyohiyo, au yenye ada ndogo zaidi ikiwa hiyo haipo. Kwa kawaida akaunti hubaki na umri wake katika historia yako ya mkopo. Na ada ikiwa imeshaandikwa kwenye bili, piga simu upesi, kwani kwa kadi hizo mbili nilizozitaja ada hurudishwa ukifunga akaunti ndani ya siku 30 tangu bili hiyo itoke.