Makosa ya sarafu za Tabora

Pengine mmeona nyumbani kwa wazee sarafu ya shaba iliyokuwa nyeusi kwa uzee, yenye taji, mwaka 1916 na herufi T. Hiyo T ni Tabora. Tuone ginsi ilivyotengenezwa, na namna ya kutambua makosa yake.

Mbele ya vita, feza za Wadachi wa Afrika ya Mashariki zilipigwa kwao Ulaya, Berlin na Hamburg. Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na feza zikawa haba. Basi mwaka 1916 Wadachi walipiga sarafu katika kiwanda cha gari la moshi kule Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba, tena rupia 15 za zahabu zenye picha ya tembo. Walitumia hata shaba ya maganda ya risasi za mizinga. Kazi ilikuwa ya haraka, na vyombo vilikuwa zaifu. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora. Wadachi walikuwa wamekwisha kutoka.

Sarafu hupigwa hivi: kipande cha shaba huwekwa kati ya chapa mbili za chuma, nazo hukandamizwa kwa nguvu. Chapa ikipasuka, shaba huingia katika ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Pitisha ukucha, utausikia. Lakini mstari uliochimbika kwa kawaida ni mkwaruzo tu wa baadaye. Tena kipande kisipokaa vema, picha huenda upande.

Lakini si kila tofauti ni kosa. Katika heller 20, taji pengine ni kubwa, pengine ni dogo. Ncha za herufi L pengine zimechongoka, pengine zimejikunja. Sababu yake, chapa zilizochongwa hazikuwa moja.

Twaeleza haya kwani wako wenye hila wanaogonga sarafu kwa nyundo, kisha huiuza bei kali kama kosa la kiwandani. Basi, kabla ya kutoa feza yenu, itazameni vizuri juani. Na ile ya babu msiisugue kwa mchanga: mtafuta alama zile zinazotueleza shida ya mwaka ule.