Kahawa ya Kaskazini mwa Zambia: Asili, Aina na Utayarishaji Wake

Kabuta, wilayani Nchelenge, ni mahali pa samaki. Malori yanayotoka huko hubeba zaidi dagaa wakavu wa Ziwa Mweru, wanaoitwa chisense. Kahawa ya arabika hailimwi ufukweni kwa sababu ziwa liko kama mita 920 tu juu ya usawa wa bahari na joto ni kali. Hata hivyo, lori likipanda hadi Kasama, kwa njia ya Kawambwa na Mporokoso au ya Mansa na Luwingu, linaingia katika eneo la kahawa lenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300. Mfanyabiashara anayepeleka samaki huko anaweza kupata shehena ya pili. Ila kahawa bora ni bidhaa inayoharibika kimyakimya, na asiyeijua huuziwa ya bei ya chini kwa bei ya juu, au huiharibu yeye mwenyewe njiani.

ASILI YAKE

Arabika asili yake ni nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ilipitia Yemen kabla ya kuenea duniani. Zambia iliipata kwa kuchelewa: mbegu zililetwa miaka ya 1950 kutoka Kenya na Tanganyika. Kilimo cha biashara kilipanuka miaka ya 1970 na 1980, na mashamba makubwa kama Kateshi na Ngoli yakaanzishwa mkoa wa Kaskazini. Baada ya miaka ya kuzorota, kampuni ya Olam iliyachukua mashamba hayo mwaka 2012 na kupanda miche upya. Wakulima wadogo wapo pia, hasa upande wa Kasama, Mbala na Isoka.

AINA ZA MICHE

Catimor ndiyo iliyoenea zaidi kaskazini. Ilipatikana Ureno mwaka 1959 kwa kuchanganya Caturra na mseto wa Timor. Ni mche mfupi, huzaa sana na huhimili kutu ya majani. Wanunuzi wengine huidharau kwa ladha, lakini ikivunwa ikiwa mbivu na kutayarishwa vizuri hupata alama nzuri.

Bourbon na SL28 ni za zamani zaidi. SL28 ilichaguliwa Kenya miaka ya 1930 na inasifika kwa uchachu wake mtamu. Udhaifu wake ni magonjwa, yaani kutu ya majani na chulebuni.

Jina la aina peke yake halitoshi kupandisha bei. SL28 iliyovunwa ikiwa mbichi hushindwa na Catimor iliyotunzwa.

UTAYARISHAJI

Mvua za kaskazini huanza Novemba na kuisha Aprili. Mavuno huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, wakati wa kiangazi, hivyo jua la kuanikia linapatikana.

Kahawa ya kuoshwa: Matunda mekundu humenywa siku ileile yalipochumwa. Punje huvundikwa ili utelezi ulegee, kwa kawaida saa 12 hadi 36 kutegemea baridi, kisha huoshwa kwa maji safi na kuanikwa kwenye vichanja kwa wiki moja hadi mbili. Punje hizo bado zina ngozi ngumu, na katika hali hii huitwa pachimenti.

Kahawa isiyooshwa: Tunda zima huanikwa kwa wiki tatu hadi nne. Haihitaji maji mengi, lakini isipogeuzwa mara kwa mara huota ukungu. Tanzania kahawa ya namna hii huitwa buni.

Hatua ya mwisho ni kukoboa na kuchambua kiwandani. Kwa makadirio, kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu hutoa kilo moja ya kahawa safi, na pachimenti hupungua uzito kwa karibu asilimia 20 ikikobolewa. Kwa hiyo uliza kwanza unauziwa hali ipi kabla ya kulinganisha bei za kilo.

DARAJA LA KAHAWA BORA

Kwa muda mrefu kipimo cha kimataifa kimekuwa alama 80 au zaidi kati ya 100, zinazotolewa na waonjaji waliofunzwa. Katika sampuli ya gramu 350 haitakiwi punje hata moja yenye kasoro kubwa, kama vile nyeusi au iliyooza. Unyevu unaokubalika ni asilimia 10 hadi 12. Ikizidi huota ukungu, na ikikaushwa kupita kiasi punje huvunjika na ladha hupotea.

KUHIFADHI NA KUSAFIRISHA

Hapa ndipo wasafirishaji wa ziwani wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kahawa hunyonya harufu. Gunia lililolala usiku mmoja juu ya chisense, mafuta ya taa au sabuni huweza kukataliwa na mwonjaji, hata kama mkulima hakukosea popote. Lori lililobeba samaki lioshwe, likaushwe na kuachwa wazi hadi harufu iishe. Turubai la samaki lisitumike tena kwa kahawa.

Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Hewa ya ufukweni ina unyevu mwingi, kwa hiyo haifai kuiweka kahawa ghala la ziwani kwa wiki nyingi ikisubiri mteja.

MPAKANI

Kupitia Nakonde na Tunduma kuna barabara na reli ya TAZARA hadi Dar es Salaam. Kituo cha pamoja cha forodha hapo kilizinduliwa mwaka 2019. Andaa mapema cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasilia.

Ng'ambo ya mpaka huo iko Mbozi, wilaya inayolima arabika kwa wingi. Kahawa ya huko huuzwa kupitia vyama vya ushirika na minada inayosimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania. Kwenda kununua nyumbani kwa mkulima bila leseni ni magendo, na shehena huweza kutaifishwa.

KABLA YA KULIPA

Chukua sampuli kutoka magunia kadhaa, siyo lile la juu tu. Inuse, itazame rangi, pima unyevu. Andika shamba, mwaka wa mavuno na njia ya utayarishaji. Mnunuzi wa kahawa bora hulipia pia historia ya gunia, na usipoweza kuieleza utalipwa bei ya kahawa ya kawaida.